Miche inafia shambani, tatizo linaanzia kitaluni

Kila halmashauri nchini inatakiwa kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka, na zetu za Musoma, Bunda na Butiama zimo. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, hotuba husomwa na mashimo hujazwa. Pita hapo hapo mwezi Septemba, msikilizaji, uone vijiti vikavu. Wengi wetu tunalaumu jua.

Tuanze na jani. Mche uliolelewa kivulini na kumwagiliwa asubuhi na jioni hutoa majani mapana, membamba na laini, na jani likishakomaa halijijengi upya. Ukiuhamishia mche huo ghafla kwenye jua la saa saba mchana, majani hupoteza maji mengi kuliko mizizi inavyoweza kuvuta. Mche hufunga vitundu vya majani ili kubana maji. Lakini maji yanayotoka kwenye vitundu hivyo ndiyo huupoza, kama jasho kwa binadamu. Hapo jani huwa la moto kuliko hewa yenyewe, likaungua kingo. Majani mapya yanayochipua juani ndiyo huwa madogo na manene, na hayo yanataka wiki kadhaa.

Kwa hiyo jua lianze kitaluni. Wiki nne hadi sita kabla ya kupanda, punguza kivuli kidogo kidogo, punguza na maji, kisha kata mizizi iliyotoboa kiriba. Ukienda kununua, usidanganywe na urefu: chukua mche mfupi wenye shina gumu, na muulize mwenye kitalu umekaa juani siku ngapi.

Hata hivyo kuzoea kuna mpaka. Kwa majirani zetu Rwanda, watafiti walipanda aina 20 za miti Sigira, mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, Rubona mita 1,600 na Makera mita 1,300. Miti inayotangulia kuota mahali pa wazi ilikua haraka zaidi penye joto. Ile ya misitu ya milimani, inayokua taratibu kivulini, ilipata shida: mingi ilidumaa au kufa. Musoma iko chini kuliko hata Makera. Mti unaosifiwa kwenye nyanda za baridi unaweza kukutia hasara hapa, wakati mgunga au mwarobaini unavumilia.

Kwa maoni yangu, hesabu ya halmashauri ingesomwa Oktoba, kabla ya vuli, na ihesabiwe miti iliyo hai tu.