Kumuokoa Mbwa Siyo Video ya Dakika Moja: Sindano ya Nne Anampeleka Nani?

Wiki hii mjini habari siyo ndoa iliyovunjika wala gari la mkopo. Habari ni mbwa. Tena siyo wale wa manyoya meupe wanaobebwa kwenye pochi. Ni mbwa koko, jike, rangi ya udongo, anaitwa Malkia.

Kwa mliopitwa, stori iko hivi. Kuna muigizaji mmoja wa kike wa tamthilia, sura yake mnaijua, jina lake libaki hapohapo lilipo. Miezi miwili na nusu iliyopita alikwenda na wenzake kurekodi kwenye nyumba moja ya kupanga huko Mbezi. Wapangaji wa zamani walikuwa wamehama. Walibeba makochi, friji, mpaka balbu walifungua. Kitu pekee walichoacha ni mbwa wao wa ulinzi, nyuma ya nyumba, kwenye mnyororo. Majirani walikuwa wanamrushia ugali juu ya ukuta wakikumbuka. Siku wasipokumbuka, hakuli.

Staa akamuona, akalia, simu ikatoka. Video ilikuwa ya dakika moja tu lakini ilipasua mtandao: mbavu nje, upele mwili mzima, kupe wamejaa masikioni kama punje za maharage, shingo ina kidonda cha mnyororo. Kapsheni ikasema kuanzia leo huyu ni mtoto wa nyumbani. Laiki zikamiminika. Mashabiki wakamuita mama mwenye moyo wa dhahabu.

Baada ya hapo kukawa kimya. Wiki ya kwanza picha tatu, wiki ya pili picha moja, wiki ya tatu staa yuko lokesheni mkoani na perfyumu mpya ya kutangaza. Mpaka juzi, mpita njia mmoja alipompiga picha Malkia amelala miguuni kwa mlinzi wa getini, akaandika kwamba mbwa wa staa sasa ni mbwa wa mlinzi. Hapo ndo povu lilipoanza.

Watu wamemnanga huyo dada bila huruma. Mara alitafuta kiki, mara roho mbaya, mara hata watoto wa watu wana njaa yeye anahangaika na mbwa. Wengine wakaja na kali zaidi, wakaona damu kidogo nyuma ya mbwa pichani wakaanza vichekesho vya magonjwa ya zinaa.

Sasa tulieni kidogo, maana kwenye kelele zote hizo hakuna aliyeuliza swali lenye maana. Ile damu ni ya nini?

Staa mwenyewe mwanzoni alidhani mbwa yuko kwenye joto, kwa hiyo akaacha siku zipite. Wengi wangedhani hivyohivyo. Ila daktari wa mifugo alipomuangalia alikuta uvimbe ukeni, mwekundu, umekaa kama ua la koliflawa. Ni kansa ya kuambukiza ya mbwa, madaktari wanaiita kwa kifupi TVT. Mbwa huambukizana wakipandana, na hata kwa kulambana na kunusana. Binadamu haimpati. Na ni ugonjwa wa ajabu kweli: chembe za kansa zenyewe ndizo zinazohama kutoka mbwa hadi mbwa, na wanasayansi wamegundua kwamba zote zimetokana na mbwa mmoja tu aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita. Mbwa wenyewe alishakufa zamani, kansa yake bado inatembea mitaani.

Habari njema ni kwamba inatibika, na inatibika vizuri. Dawa ya kawaida inaitwa vincristine. Inachomwa kwenye mshipa mara moja kwa wiki, kwa kawaida sindano nne mpaka sita, wengine zaidi. Habari mbaya ni kwamba siyo dawa ya kuchomwa na mshkaji anayejua kuchoma. Ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama. Inashusha chembe nyeupe za damu, kwa hiyo daktari anatakiwa apime damu kwanza aone kama mwili utahimili. Na siku chache baada ya sindano, mkojo na kinyesi chake vinaokotwa na mtu aliyevaa glovu.

Na Malkia hakuwa na hilo moja. Fizi zilikuwa nyeupe kama karatasi kwa sababu ya ugonjwa wa kupe, ambao tiba yake ni vidonge vya doxycycline karibu mwezi mzima, kila siku bila kuruka. Alikuwa na minyoo na upele. Na alikuwa na njaa ya muda mrefu, ambayo nayo ni ugonjwa. Mbwa aliyekonda hivyo ukimmwagia sinia la wali na nyama siku ya kwanza unaweza kumuua kwa upendo, maana mwili uliozoea kukosa unavurugika ukipata vingi ghafla. Anapewa kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, na kipimo kinapanda taratibu kwa siku kadhaa.

Kwa hiyo hesabu iko hivi: vidonge vya mwezi mmoja, chakula cha saa kwa saa, dawa ya upele, dawa ya minyoo, halafu mwili ukipata nguvu ndo zinaanza sindano za kila wiki. Ile video ilikuwa dakika moja.

Swali ni nani aliyefanya haya yote. Jibu liko kwenye ileile picha mliyoicheka. Ni mlinzi.

Baba mtu mzima, ana wajukuu. Hajawahi kutokea kwenye video hata moja, labda kiwiko tu. Yeye ndiye aliyekuwa anaficha vidonge kwenye mchanganyiko wa ugali na dagaa. Yeye ndiye aliyekataa jirani alipokuja na kopo la oili chafu ya gari ampake mbwa upele uishe. Hiyo tabia iacheni kabisa, wadau. Oili inaunguza ngozi, mbwa anailamba, sumu inaingia ndani. Na msijaribu kumpa mbwa vidonge vyenu vya maumivu. Ibuprofen ya binadamu inaweza kumuharibu tumbo na figo.

Siku za kliniki, bodaboda wote wa kijiweni walikuwa wanakataa kumbeba mbwa. Mzee akapata dereva mmoja wa bajaji aliyekubali kwa sharti mbili: nauli iongezwe, na gunia litandikwe kwenye siti. Gunia analo, analifua mwenyewe.

Kwenye komenti kuna waliosema mbwa ni najisi, wa nini kumhangaikia. Mzee huyo ni Muislamu wa swala tano. Ana ovaroli moja ya kazi za Malkia, inatundikwa nje, haiingii chumbani kwake. Anajitwaharisha, anaswali, maisha yanaendelea. Suala la unajisi linahusu usafi wa mtu na vyombo vyake, halijampa yeyote ruhusa ya kumfunga kiumbe afe njaa. Na hadithi ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu watoto wa madrasa wanaijua.

Basi tatizo la staa liko wapi? Siyo pale mlipompiga mawe. Kumchukua mbwa kwa kamera siyo dhambi. Watu wangapi walipita ule ukuta miezi yote hiyo, wakasikia mbwa analia usiku, wakaongeza sauti ya tivii? Wengi wao ndo waliojaa kwenye komenti leo. Yeye angalau alifungua mnyororo. Hilo apewe.

Tatizo lake ni sindano ya nne.

Sindano tatu za kwanza zilikwenda vizuri. Uvimbe ukaanza kunywea, damu ikapungua. Sindano ya nne ikafika siku yake, hela haikuja. Mzee akapiga simu, haikupokelewa. Akatuma meseji, jibu likawa nitatuma kesho. Kesho ikawa wiki, wiki ikawa mbili. Kumbuka hii ni kansa. Ukikatisha matibabu katikati unaupa uvimbe nafasi ya kurudi, na ukirudi unaweza kuwa mbishi zaidi kwa dawa ileile. Mwenye mshahara wa ulinzi angeitoa wapi hela ya kliniki kila wiki? Ndo maana picha ya juzi inaonyesha damu. Mliicheka damu ya sindano iliyokosa nauli.

Hela ilitumwa saa chache baada ya povu kuanza, na Malkia akachomwa. Kwa hiyo wanaosema povu halisaidii, wamekosea kidogo. Lakini mbwa mgonjwa hatakiwi kusubiri watu wakasirike mtandaoni ndo apate dawa.

Na hapa ndipo penye somo, tena siyo kwa mastaa tu. Siku hizi imekuwa fasheni. Kila mtu anataka mbwa wa kuokota, anataka ile video ya kabla na baada. Ila katikati ya kabla na baada kuna wiki kama kumi ambazo hazina mvuto wowote. Kuna kuhara, kuna harufu, kuna kuamka saa tisa usiku. Kuna mbwa asiyekuamini anayeweza kukung'ata kwa uoga. Akikung'ata, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu nenda hospitali siku hiyohiyo. Usisubiri uone, kwa sababu kichaa cha mbwa dalili zikishaanza karibu kila mtu hufa. Hiyo ndo sababu chanjo ya mbwa ya kila mwaka siyo jambo la kubembelezana.

Kwa hiyo kabla hujafungua mnyororo wa mbwa yeyote na simu mkononi, jibu maswali matatu. Nani atakuwa naye ukisafiri? Hela ya wiki ya sita iko wapi leo? Na huyo atakayemhudumia kila siku, unamlipa, au umemuongezea kazi kimyakimya kwa sababu tu anakaa getini?

Hili la mwisho linauma zaidi. Kwenye nyumba nyingi mjini, mbwa ni wa bosi kwenye picha na ni wa dada wa kazi kwenye kinyesi. Anayemuogesha, anayemtoa kupe, anayejua kwamba leo hajala, siyo anayepongezwa. Mshahara wake haujapanda hata shilingi. Kama kweli unampenda huyo mbwa, anza kwa kumlipa anayemuweka hai.

Na kama ukijiuliza ukaona huwezi, siyo aibu. Usimchukue. Lipia sindano ya mbwa aliyechukuliwa na mwingine. Nunua dawa ya minyoo. Mpeleke akafungwe uzazi akipona. Piga simu kwa afisa mifugo wa kata. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ipo, na kumtesa mnyama ni kosa, kwa hiyo wale wapangaji waliohama na balbu wakaacha mbwa nao wana kesi ya kujibu. Ajabu ni kwamba kwenye povu lote la wiki hii, wao hawajatajwa hata na mmoja.

Staa ameposti video ya kuomba radhi, na mara hii mzee anaonekana sura nzima. Ni hatua. Itapimwa kwa sindano ya tano na ya sita, siyo kwa machozi.

Malkia manyoya yameanza kuota mgongoni, kama nyasi baada ya mvua. Shingoni pale palipokuwa na kidonda huenda yasiote tena. Anakula vizuri. Kitu kimoja bado hakijaisha: geti la nyumba hiyo linafungwa kwa mnyororo, na kila ukilia alikuwa anajikunyata chini na kujikojolea. Mzee hakusema kitu. Alichukua tyubu kuukuu ya baiskeli, akaikata, akauvisha ule mnyororo mzima mpaka mwisho. Sasa geti linafungwa bila sauti.

Hilo halina video.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Staa asamehewe au bado? Na wewe unayefuga, kwenu anayemhudumia mbwa ni nani, na analipwa? Shusha komenti hapo chini, ila matusi kwa mzee hapana.