Samaki Gupi na Mayi ya Inchi ya Shaba



Mwezi huu tuongee juu ya samaki wadogo wasiotaga mayai. Gupi ni mmoja wao, plati ni mwingine. Mama gupi anabeba watoto tumboni wiki tatu au nne, kisha anawazaa wakiwa na macho wazi, na palepale wanaogelea. Usimchanganye na tilapia. Tilapia wengi wanataga mayai, halafu mama anayabeba kinywani. Watoto wakitoka mule, watu wanasema amezaa. Gupi yeye anazaa kweli.

Kwao ni mbali, Trinidad na Venezuela, kule Amerika. Bwana Robert John Lechmere Guppy alituma samaki wa Trinidad kwenye makumbusho ya London, na mwaka 1866 wataalamu wakawapa jina lake. Leo wanafugwa karibu dunia nzima juu ya ugumu wao: hawaombi pompi wala taa, na kama ni wachache wenye majani ya mayi, siku kura inakatika hawasumbuki sana.

Lakini huku kwetu kuna kitu ambacho ugumu huo hauwezi. Ni shaba.

Kila mtoto wa mgodi anajua yale mawe ya rangi ya majani, malakiti. Ni mazuri, yanang'aa ndani ya mayi. Basi mtoto anapanga matatu manne chini ya akwariumu. Kisha siku chache: «Mama, samaki banakufa! Juu ya nini?» Juu ya mawe, mwanangu. Malakiti ni shaba, na shaba inayeyuka pole pole ndani ya mayi. Shirika la Afya la Dunia (OMS) linakubali mpaka miligramu 2 za shaba katika litre 1 ya mayi ya kunywa. Lakini hata chini ya miligramu 1 inaweza kuua samaki mdogo, zaidi kama mayi hayana chokaa. Shaba inaharibu mashavu yake, pale anapopumulia. Konokono wa mayi naye hawezi kuivumilia. Kwa hiyo usitie malakiti, usitie jiwe jeusi la kobalti, wala waya ya shaba, wala sufuria ya shaba. Tia mchanga wa mto usiopita karibu na kiwanda, uliosafishwa mara nyingi kwa mayi tu, bila sabuni.

Na mtu asigeuze maneno haya kichwa chini. Gupi anaishi hata ndani ya mitaro yenye uchafu. Akiogelea vizuri katika mayi ya kisima chako, hilo si ruhusa ya kuyanywa. Yachemshe kama kawaida. Na ukijua kama mayi ya kiwanda yanaingia mule, tafuta mayi mengine, kwa maana kuchemsha hakutoi shaba.

Sasa kazi yenyewe. Bokali ya kachumbari ni ndogo mno. Fundi wa vioo anaweza kukuunganishia sanduku kwa silikone. Sentimetre 40 kwa 25 kwa 25 inabeba litre 25, inatosha gupi watano au sita. Mayi ya robine yana klore, inayochoma samaki: yaache ndani ya ndoo wazi siku moja nzima mbele ya kuyatia. Anza na samaki wawili watatu, ungojee mwezi hivi. Mavi ya samaki yanatoa sumu, na vijidudu vizuri vinavyokaa ndani ya mchanga ndivyo vinavyoigeuza. Vinahitaji wakati wa kuongezeka. Yule anayemwaga mayi yote kila Jumamosi na kusugua mchanga kwa nguvu anaviua, halafu anashangaa. Toa robo moja tu kila wiki, basi.

Chakula: kidogo, kile wanachomaliza kwa dakika mbili. Ndakala kavu isiyo na chumvi, iliyosagwa kuwa unga, ni nzuri sana. Watoto wa imbu waliomo ndani ya tini za mvua wanawapenda kupita yote. Bukari hapana! Inachacha na kuharibu mayi kwa usiku mmoja.

Baridi ni adui mwingine. Lubumbashi na Kolwezi ziko juu, na mwezi wa sita na wa saba usiku inaweza kushuka chini ya digri 10, wakati gupi anataka kama 22 mpaka 28. Sanduku likae mbali na dirisha, na jioni ulifunike blanketi pande zote, lakini juu uache nafasi ya hewa.

Wazazi gupi wanakula watoto wao, tuseme wazi. Jaza majani ya mayi, wadogo wapate kujificha. Jike mmoja anaweza kuzaa 20, 30 au zaidi, na mwezi unaofuata anaanza tena. Utajaza nyumba. Gawia majirani, lakini mtoni usimwage hata mmoja, wala katika Luapula wala Lufira. Katika Australia waliingiza gambusia, ndugu wa gupi, mwaka 1925 ili ale watoto wa imbu. Leo anasumbua samaki wadogo na vyura wa kule, na kumtoa ni kazi isiyokwisha.

Ukitaka kupunguza uzazi, tenga madume: ni wadogo, wenye rangi, na pezi la chini ya tumbo ni jembamba kama kijiti. Lakini jike aliyekwisha kukutana na dume anaweza kuendelea kuzaa miezi kadhaa bila kumwona tena. Kwa hiyo sanduku la pili ulitafute mapema.