Maisha ya Chee Quelimane, Chee kwa Nani?

Wiki hii salamu zangu zinatoka Quelimane, mji wa bandari ya mtoni huko Msumbiji, mkoa wa Zambezia. Tamka "Kelimane" tu, usijisumbue. Masela wengi wa Bongo wakisikia Msumbiji wanafikiria njia ya kuzamia Sauzi, wanapita kama upepo. Mimi nimepiga kambi huku miezi kadhaa sasa na sababu ni moja: maisha ni ya chee.

Tena chee kweli! Chumba nalipa mwezi kwa mwezi, hakuna cha baba mwenye nyumba kunikaba koo anataka kodi ya miezi sita kama kule Sinza. Jioni napiga mucapata, wali uliopikwa pamoja na choroko na tui la nazi. Siku nikiwa vizuri naongezea kuku wa Zambezia, naye wa tui vilevile. Mtu wa Tanga akila hapa atadhani yuko kwa shangazi yake.

Usafiri ndiyo usiseme. Mji ni tambarare kama meza, kwa hiyo teksi ni baiskeli. Kiti cha nyuma kina sponji, dogo anakanyaga, wewe umekaa nyuma kama bwana harusi. Pikipiki zipo, lakini baiskeli ndiyo mwenyewe wa mji.

Bahari iko kama kilomita 20 hivi, ila maji yake yanakuja mpaka hapa. Mto unajaa na kupwa, na maboti ya kwenda Inhassunge, ng'ambo ya pili, yanaangalia maji kuliko saa. Mto wenyewe unaitwa Rio dos Bons Sinais, yaani Mto wa Ishara Njema. Jina hilo alilitoa Vasco da Gama Januari 1498, mabaharia wake wakiwa hoi kwa kiseyeye, hajaiona Mombasa wala Malindi. Halafu kuna hadithi ya jina la mji. Eti Wareno waliwauliza watu shambani hapa panaitwaje, wenyewe wakadhani wanaulizwa wanafanya nini, wakajibu wanalima. Niliposimuliwa nilicheka mpaka basi, maana kumbe hata mimi wa Kiswahili ningemwelewa yule mkulima kabla ya Mreno!

Lakini Kireno chenyewe... mh! Hapa bila Kireno au Kichuwabo wewe ni bubu mwenye pesa, na bubu mwenye pesa sokoni ana jina lake: "patrão", bosi. Ukiitwa patrão jua bei imeshapanda. Jirani yangu mmoja mama wa makamo, namwita mana, yaani dada, ndiye aliyenifundisha kuhesabu. Siku hizi nikienda kununua kamba ananitanguliza niseme mwenyewe, akisikia nimepigwa anakohoa.

Makaratasi nayo yapo. Kuingia hakuna noma, pasi ya Tanzania haidaiwi viza kwa siku 30. Kukaa ndiyo shughuli, lazima uwe na DIRE, kile kitambulisho cha mgeni mkaazi. Changu nakilinda kama pete ya uchumba. Na njia ya barabara kupitia Cabo Delgado iache, kule kuna vita tangu Oktoba 2017. Zungukia Malawi, uingilie Milange.

Sasa nikwambie kilichonikaa rohoni. Kuna dogo wa baiskeli, rika langu, shule kamaliza kama mimi. Siku moja tuko pembezoni mwa mto tunasubiri mvua ikatike, akaniuliza nimefuata nini huku. Nikamwambia maisha rahisi. Akanitazama kama nimemtukana.

Akaanza kunionyesha kwa kidole. Bandari hii iliwahi kuwa na shughuli za mbata, Zambezia nzima minazi. Ukaja ugonjwa wa kugeuza majani manjano, minazi ikakatika vichwa, ikabaki magogo yamesimama. Reli ya kwenda Mocuba ilishakufa. Machi 2023 kimbunga Freddy kikatua hapahapa, kikang'oa mabati na kukata umeme. Akasema chumba chako ni rahisi kwa sababu hakuna mwenye kazi wa kukigombania na wewe.

Nikanyamaza, mtu wangu. Maana vijisenti vyangu vya makala vinatumwa kutoka Dar. Yeye anakanyaga kutwa nzima, jioni akishatoa ya mwenye baiskeli, kinachobaki ni cha unga. Hiyo kodi ninayoisifia mimi, yeye hajawahi kuimudu, analala kwa mama yake. Yeye anawaza kwenda Maputo, na kama si Maputo, akaniuliza Dar es Salaam chumba shilingi ngapi.

Nikamwambia, pamoja na ile habari ya miezi sita kwa mpigo. Akaniomba nirudie, akidhani Kireno changu kimekosea namba. Nikaandika kwa kijiti kwenye tope. Akaangalia, akafuta kwa kandambili, akasema mvua imekatika, panda twende.

Nauli yake siku hiyo nilitaka kuongeza. Akakataa, akachukua ileile ya kila siku.