Tunawaambia Watembee: Watembee Wapi?

Katika kliniki za shinikizo la damu na kisukari kuna maneno ambayo sisi wauguzi huyarudia kutwa nzima: "Punguza chumvi, punguza sukari, na utembee." Mgonjwa huitikia kwa kichwa, huchukua dawa zake na kwenda zake nyumbani. Ni mara chache mmoja wetu humwuliza swali linalofuata, nalo ni hili: utatembea wapi?

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumzia chandarua, maji ya kuchemsha, chanjo na lishe ya watoto. Mwezi huu naomba tuzungumzie njia ya waenda kwa miguu katikati ya miji yetu. Huenda mtu akasema hayo ni mambo ya wahandisi na madiwani, wala hayamhusu muuguzi. Mimi naona yanamhusu sana. Mji usiopitika kwa miguu hutuletea wagonjwa kwa milango miwili: mlango wa kliniki ya magonjwa ya kudumu, na mlango wa wodi ya majeruhi.

Dawa isiyouzwa dukani

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri kila mtu mzima aushughulishe mwili kwa kiasi cha wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Kwa hesabu ya nyumbani, hiyo ni angalau nusu saa kwa siku, siku 5 za wiki. Watoto wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji wastani wa dakika 60 kila siku. Si lazima mtu akimbie au anunue viatu vya michezo. Kutembea kwa mwendo wa kuchangamka kunatosha. Misuli inapofanya kazi huitumia sukari iliyomo katika damu. Moyo huzoea kusukuma damu bila kukazana, na uzito hupungua. Mzee anayetembea hubaki na nguvu za miguu, hivyo haanguki ovyo.

Tusidhani kwamba magonjwa haya ni ya matajiri peke yao. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2012 ulionyesha kuwa kati ya watu 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64, karibu 26 walikuwa na shinikizo la juu la damu, na 9 walikuwa na kisukari. Jumapili ijayo tazama benchi ulilokalia kanisani. Kwa hesabu hiyo, kati ya watu wazima wanne, mmoja ana shinikizo la damu, na huenda mwenyewe hajui.

Tuchukue mfano wa Dar es Salaam, mji unaofahamika kwa wengi wetu, ambao katika sensa ya mwaka 2022 ulikuwa na watu zaidi ya milioni 5.3. Kutoka soko la Kariakoo hadi Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, kwa kupitia Mnazi Mmoja, Mnara wa Saa na Sanamu ya Askari, ni kilometa 2 hivi. Mtu mwenye afya ya kawaida hufika kwa nusu saa hivi. Hicho ndicho kipimo cha dawa tunachomwandikia mgonjwa kwa siku, na barabara ingeweza kumpa bure.

Lakini jaribu kumpeleka njia hiyo mama wa miaka 60 na kitu mwenye kisukari. Hapa gari limeegeshwa juu ya njia ya miguu, basi itambidi ashuke barabarani kati ya magari. Pale mfuniko wa mtaro umeibwa, na shimo liko wazi. Mbele kuna ngazi moja ndefu mlangoni mwa duka, kisha meza ya bidhaa, kisha bodaboda anayekwepa foleni kwa kupita njia ya miguu na kupiga honi kana kwamba mwenye makosa ni yule anayetembea. Afikapo barabara pana kama ya Bibi Titi Mohamed itabidi asubiri, kisha avuke mbio. Mgonjwa wa aina hii aghalabu ana ganzi miguuni. Akijikwaa kwenye zege lililovunjika haoni maumivu, na kidonda atakigundua baada ya siku kadhaa. Sisi tunaosafisha vidonda hivyo tunajua vingine huishia wapi: kwenye chumba cha upasuaji, kukatwa kidole au mguu. Mama huyo akiamua kukaa nyumbani, tutamlaumu kwamba ni mvivu?

Mlango wa wodi ya majeruhi

Kwa mujibu wa taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023, ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 duniani kila mwaka, na ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Kati ya kila watu 100 wanaokufa hivyo, 23 walikuwa wakienda kwa miguu. Vifo zaidi ya 9 kati ya 10 hutokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, ambazo sisi tumo. Taarifa hiyo hiyo yasema kuwa katika barabara zilizopimwa, 80 kati ya 100 hazifikii kiwango kinachotakiwa cha usalama kwa waenda kwa miguu.

Watu husema ajali ni bahati mbaya, au ni mpango wa Mungu. Tusimsingizie Mwenyezi Mungu. Mwili wa binadamu una kikomo chake. Akigongwa na gari linalokwenda kilometa 30 kwa saa, kwa kawaida hupona. Gari likiwa na kilometa 65 kwa saa, hatari ya kufa ni zaidi ya mara 4 kuliko likiwa na kilometa 50. Ndiyo maana wataalamu wanashauri mwendo usizidi kilometa 30 mahali ambapo watu na magari huchanganyika, kama vile sokoni, shuleni na katikati ya mji.

Na asiyekufa je? Mtu mzima aliyevunjika mfupa wa paja, asipopata upasuaji, hulala kitandani mguu ukivutwa kwa uzito kwa wiki 6 hadi 12. Muda wote huo hauzi, halimi wala haendi kibaruani. Mke au dada anakaa naye wodini, na mtoto mkubwa anaacha shule ili alee wadogo zake. Gharama hiyo haiandikwi katika bajeti ya barabara. Inalipwa na familia, kwa kuuza mbuzi na kiwanja.

Mji unajengwa kwa ajili ya nani?

Hapa ndipo penye hoja yangu. Katika miji yetu barabara hupangwa kwanza kwa ajili ya magari, kisha kinachosalia pembeni, kama kinasalia, ndicho wanachopewa watu. Huku ni kuweka mkokoteni mbele ya punda. Wengi wetu hatuna gari. Abiria wa daladala huanza safari kwa miguu na kuimaliza kwa miguu. Hata mwenye gari, akishaliegesha, ni mwenda kwa miguu kama wengine. Njia ya miguu basi ihesabiwe kuwa huduma ya afya, kama kisima na zahanati, na ipangwe kwanza kabla ya lami kumwagwa.

Mambo yenyewe hayahitaji maajabu. Kwanza, njia yenye upana wa mita 2 hivi isiyokatika, ili watu wawili wapishane hata kama mmoja yumo katika kiti cha magurudumu, na kila penye ukingo pawe na mteremko. Pili, vivuko vilivyoinuliwa kama tuta, ili dereva apunguze mwendo apende asipende. Rangi nyeupe peke yake haimsimamishi mtu. Tatu, miti ya kivuli, kwani jua la pwani si la mchezo. Mwarobaini na mkungu hustahimili vizuri. Nne, mitaro yenye mifuniko ya zege isiyo na thamani kwa wauza vyuma chakavu. Tano, taa, maji safi na vyoo vya umma vilivyo safi. Mzee na mama mjamzito hawawezi kutembea mji mzima bila mahali pa kujisaidia.

Wapo watakaosema fedha hazipo. Nawajibu kwa mfano wa papa hapa. Shirika la Amend lilikwenda katika shule za msingi za Dar es Salaam ambazo watoto wake walikuwa wakigongwa mara kwa mara. Likatengeneza njia za miguu, matuta na vivuko, na penye haja likahamisha hata lango la shule. Ni kazi ndogo ndogo zisizogharimu kama barabara za juu. Utafiti ukaonyesha kuwa majeruhi miongoni mwa watoto walipungua kwa karibu robo, na mwaka 2019 mpango huo ukapata tuzo ya kimataifa ya miji. Hali kadhalika, mradi wa mabasi ya mwendokasi, ulioanza kazi mwaka 2016 katika barabara ya Morogoro, ulijengwa pamoja na njia za waenda kwa miguu. Basi kumbe tukiamua tunaweza.

Wengine watasema tatizo ni wamachinga. Mimi sikubaliani nao sana. Mwaka 2021 wachuuzi wengi waliondolewa kando ya barabara za miji yetu. Lakini meza ikiondolewa na gari likaegeshwa pale pale, mwenda kwa miguu amepata nini? Tena mchuuzi naye ana watoto wa kulisha, na wanaonunua nyanya na mitumba yake ni sisi hawa hawa. Mpango mzuri humpa mchuuzi sehemu yake iliyochorwa, na mwenda kwa miguu sehemu yake, bila mmoja kumfukuza mwenzake. Mwenye gari naye aegeshe panapostahili, na alipie.

Wako pia wanaohofu kwamba magari yakipunguzwa katikati ya mji, mji utakufa. Huko Hispania kuna mji mdogo uitwao Pontevedra. Mwaka 1999 ulimchagua meya ambaye kwa taaluma yake ni daktari, Miguel Anxo Fernández Lores. Akaondoa magari mengi katika mitaa ya katikati, na baadaye mwendo ukawekewa kikomo cha kilometa 30 kwa saa. Mji haukufa. Watoto wakarudi kucheza viwanjani na wazee wakarudi kutembea. Sisemi tuige kila kitu, maana Kariakoo ina mizigo yake na mikokoteni yake. Ninalotaka tuone ni kwamba daktari yule aliyatazama mambo ya mitaa kwa jicho la tiba.

Tufanye nini sisi wenyewe?

Wazazi wenzangu, tusikae tukingoja. Mkutano wa mtaa unapoitishwa, tuhudhurie, na tuliseme jambo hili kwa majina: kivuko gani hakipo, mtaro gani hauna mfuniko, taa ipi imezimika. Barabara nyingi za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017, na diwani ndiye wa kuwafikishia malalamiko yetu. Jumuiya ndogo ndogo inaweza kutembea pamoja siku moja kutoka kanisani hadi kituo cha daladala, mzee mmoja na mtoto mmoja wakiwemo, na kuandika kila mahali walipokwama. Orodha hiyo, ikiwa na sahihi za watu 40, ina uzito kuliko manung'uniko ya miaka 10.

Nasi wenye magari na pikipiki tuanze na nafsi zetu. Usiegeshe juu ya njia ya miguu hata kwa dakika moja ya kununua mkate. Simama kwenye kivuko. Mwendo ndani ya makazi ni kilometa 50 kwa sheria, lakini karibu na shule na soko upunguze zaidi, sheria ikuone au isikuone.

Mgonjwa akija kwetu tutaendelea kumwambia atembee, kwa sababu ni kweli na kunaponya. Lakini ushauri huo ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili iko mikononi mwa wanaochora mitaa, na mikononi mwetu tunaowachagua. Kinga ni bora kuliko tiba, na katika mji kinga mojawapo ni mita 2 za njia isiyo na shimo, chini ya mti, ambamo bibi na mjukuu wanaweza kupita wameshikana mikono bila kuogopa.