Ziwa ni la umma, lakini mlango wake uko wapi?

JICHO LA BONDE
Na Njeri Cheruiyot

Anayetaka kushinda kutwa kwenye boti kusini mwa Ufaransa hahitaji kupita lango la mtu. Mfereji wa Canal du Midi, uliobuniwa na Pierre-Paul Riquet na kuchimbwa kuanzia 1666 hadi 1681, una urefu wa kilomita zipatazo 240 kutoka Toulouse kuelekea Mediterania. Kando yake kuna njia ambayo farasi walipita zamani wakikokota mashua za mizigo, na leo waendesha baiskeli na wanakijiji huipita bila kulipa chochote. Mgeni hukodi boti bila leseni, akaelekezwa usukani kwa muda mfupi, kisha akaenda polepole, maana mwendo usizidi kilomita 8 kwa saa. Maji na kingo ni mali ya umma, chini ya shirika la serikali liitwalo Voies navigables de France. Starehe ya safari hiyo imejengwa juu ya ukingo ulio wazi kwa kila mtu, na ukingo wa namna hiyo ndio tunaoukosa kwenye Ziwa Naivasha.

Maji mazuri tunayo. Asubuhi ziwa likiwa limetulia, boti hupenya katikati ya migunga iliyofia majini, vigogo vikiwa vyeupe kwa kinyesi cha minandi waliojenga viota juu yake. Nahodha huzima injini, akapiga mluzi na kurusha tilapia. Furukombe hushuka kutoka kileleni, akamnyakua samaki kwa kucha bila kulowesha kifua. Hayo yote yako katika kaunti hii, safari fupi ya matatu kutoka jijini Nakuru. Ila mtoto wa mtaa wa Karagita, anayeishi umbali wa kutembea kwa miguu, huenda akamaliza shule hajapanda boti hata mara moja. Ufuo wa kusini, kando ya barabara ya Moi South Lake, umeshikwa kwa sehemu kubwa na mashamba ya maua, hoteli na makazi ya watu binafsi. Bichi za umma, kama Karagita na Kamere, ni chache, na humo wavuvi, wachuuzi na mabasi ya wanafunzi wanabanana. Ilhali Katiba ya 2010, katika kifungu cha 62, inayataja maziwa kuwa ardhi ya umma. Haki ya ziwa bila njia ya kulifikia ni sawa na kupewa kisima kilicho ndani ya boma la jirani.

Wako watakaosema Naivasha si mfereji wa Wazungu, na wana haki ya kusema hivyo. Mfereji hauna viboko. Tena jina lenyewe la Naivasha limetokana na neno la Kimaasai linalotaja maji yanayochafuka, na kila nahodha anajua upepo wa alasiri unavyoweza kugeuza ziwa katika muda mfupi. Lakini hatari hizo zinadai mpango, hazidai ufuo ufungwe. Watu wanaingia majini hata sasa. Bichi ya umma yenye msimamizi, saa maalumu za kutoka na kurudi, njia zinazoepuka malisho ya viboko, na jaketi la kuokolea maisha kwa kila abiria kabla injini haijawashwa, ni salama kuliko boti inayopakia watu kwenye tope popote penye upenyo. Sheria za usalama wa vyombo, hata vya maziwani, zina mwenyewe: Mamlaka ya Safari za Baharini ya Kenya, KMA.

Pingamizi zito zaidi ni la kina cha ziwa. Maji yamekuwa yakipanda tangu karibu 2010. Mtaa wa Kihoto ulifurika 2020, na mwishoni mwa 2025 wakazi walitolewa majumbani mwao kwa boti. Nani ajenge gati mahali ambapo mwaka ujao patakuwa chini ya maji? Jibu ni gati linaloelea, linalopanda na kushuka pamoja na ziwa. Na masaibu ya Kihoto yananithibitishia kwamba boti na manahodha wenye mafunzo ni huduma ya dharura, si burudani ya watalii tu. Wenye mashamba nao wanaogopa wizi na uchafu. Hofu hiyo inaeleweka, ila dawa yake ni njia chache zilizopimwa, zenye taa na vyoo, ambazo hazihitaji kukata shamba la mtu katikati.

Serikali ya Kaunti ya Nakuru na Tume ya Taifa ya Ardhi zikae na wenye mashamba, wavuvi na wakazi wa Kihoto, zipime ukingo upya kufuata maji yalipofika, na ziweke alama za njia za umma hadi majini. Zifanye hivyo kabla maji hayajashuka, kwa sababu yakishuka, ardhi itakayojitokeza itakuwa na ua kabla haijakauka.