Kwa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima: wazee wa Peramiho wamebakiza somo

Ndugu Mkuu wa Taasisi,

Mwaka 1973 taasisi yako iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili nchi nzima walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio na kusoma vijitabu, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka kuzunguka nyumba zao. Waliokuwa vijana enzi zile ndio wazee wetu leo. Wengi wao kusoma wanajua. Lakini wakirudi kutoka hospitali na mfuko wa dawa za presha na sukari, maboksi yanawashinda, maana yameandikwa kwa Kiingereza.

Naomba muwafundishe Kiingereza hicho. Sisemi cha kuombea kazi. Nasema kile kilicho kwenye boksi la dawa, kwenye majibu ya vipimo na kwenye barua ya rufaa. Maneno yenyewe huenda hayafiki hata mia.

Wapo watakaosema dawa zote ziandikwe kwa Kiswahili, nami nalitaka hilo kwa moyo wote. Ila dawa zetu nyingi hutoka India na kwingineko, na bibi wa miaka 75 hawezi kungoja viwanda vibadilike.

Tazama yanayoweza kumpata. Glibenklamaidi, dawa ya sukari, akiimeza halafu asile, sukari inaweza kushuka hadi akazirai. Diklofenaki anayonunua kwa ajili ya magoti inaweza kumpandisha presha na kuumiza figo. Isitoshe, dawa moja huuzwa kwa majina mengi ya kibiashara, na jina lake hasa huandikwa pembeni kwa herufi ndogo. Asiyejua pa kulitafuta atameza dawa ileile mara mbili akidhani ni dawa tofauti. Kwenye dirisha la dawa ataelezwa, ndiyo, lakini foleni ni ndefu, na maelezo ya haraka husahaulika kabla bodaboda haijafika kijijini.

Hapo ndipo huitwa mjukuu wa darasa la sita asome. Hili linaniuma kuliko yote. Babu mwenye tezi dume ana haki ya kuujua ugonjwa wake mwenyewe kabla mtoto hajaujua.

Wapo pia waliovuka Mto Ruvuma wakati wa vita vya Msumbiji, wakapokelewa Muhukuru, wengine wakaoa, wakaolewa na kuzeekea huku. Kuna ambao Kiswahili chenyewe walijifunza ukubwani, na shule waliyoiacha kwao, kama waliwahi kuiona, ilikuwa ya Kireno. Hawa msiwaanzishie kitabu. Anzeni nao kwa mazungumzo, na mwalimu awe mtu anayejua Kiyao au Kinyanja.

Mkoa wetu wa Ruvuma ndio ulioanza nchini kuwa na maduka ya dawa muhimu, mwaka 2003. Wauzaji walifundishwa kabla ya kuruhusiwa kuuza, jambo jema sana. Wanunuzi hawakuingia darasani.

Darasa ninaloliomba halihitaji jengo. Kigango kina mabenchi, na jumuiya ndogondogo hukutana kila wiki. Kila mzee aje na maboksi yake, somo litoke humo humo: dawa hii inaitwaje, inaisha muda lini, inamezwa kabla ya kula au baada. Wauguzi wastaafu wapo. Kiwanda cha uchapaji cha abasia kipo hapa hapa Peramiho, na kijitabu chenye herufi kubwa kinaweza kuchapwa bila kuvuka mipaka ya kata. Redio nayo isisahaulike, kwani ndiyo iliyowafundisha mara ya kwanza.

Mtutumie mkufunzi mmoja akae na wauguzi hao, waandike kijitabu. Aje Julai, mahindi yakiwa yameshavunwa, kwa sababu mvua za Novemba zikianza wazee nao watakuwa shambani, na darasa litakosa watu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Peramiho