Macho ya Ng'ambo Hayana Kasoro

Imezoeleka kusemwa Unguja, na wauza picha wa mtaa wa Gizenga hadi wasomi, kwamba picha za kuchora ni mambo ya watalii na mtu wa Ng'ambo, upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, hana hisia nazo. Ushahidi wao ni kwamba hanunui. Akivuka Darajani kuingia Mji Mkongwe, hupita mbele ya tembo, Wamasai na machweo yaliyotundikwa ukutani bila kugeuza shingo. Hoja hii inamtwisha mtazamaji kosa la picha. Simdharau Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 na kufariki 1972. Lakini mengi yaliyofuata baada yake ni nakala za nakala, zilizochorwa kwa kukisia mgeni anataka kuona nini. Hamna mitaa ya Ng'ambo, Miembeni wala Kikwajuni, ndani yake. Kwa nini zimguse mtu wa huko?

Kwamba rangi na umbo humtikisa mtu huyo, tazama kisutu. Kwa desturi kanga hii ya nyekundu, nyeusi na nyeupe haina jina, yaani maneno yanayoandikwa kwenye kanga, kwa hiyo hakuna anayeweza kudai kwamba ni maneno yanayofanya kazi. Ikifunguliwa harusini, kinamama huguswa kabla hajatamka mtu. Rangi zenyewe zimebeba harusi zilizopita, ya mama na ya bibi, na mtazamaji huongeza yake. Hivyo ndivyo picha yoyote inavyoamsha hisia: mchoraji hutoa nusu, nusu ya pili anayo anayetazama. Atakayesema kwamba hiyo ni nguo tu, amtazame Lubaina Himid, aliyezaliwa Unguja 1954 na kushinda tuzo ya Turner ya Uingereza 2017. Kanga imo ndani ya sanaa yake.

Na nguo tukiiweka kando, ipo Lubumbashi, Kongo. Katika miaka ya 1970 wasemaji wa Kiswahili wa mji ule wa shaba, watu wa mshahara wa kawaida, walinunua picha za wachoraji wa mitaani na kuzitundika sebuleni. Mojawapo iliyopendwa sana iliitwa Colonie belge: mfungwa amelazwa chini anachapwa na askari mweusi, ofisa Mzungu amesimama anaangalia, bendera ya Ubelgiji juu. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu na wenzake walisema picha za namna hii ni za ukumbusho. Fikiria familia inayokula chakula chake chini ya picha ya kiboko! Haikuwa pambo. Mgeni aliona mchoro wa mkono usio na shule. Mwenye nyumba aliona mgongo wa baba yake, na uchungu ukapata mahali pa kukaa. Watu hawa walinunua kwa sababu picha iliwahusu na bei waliiweza.

Pingamizi zito zaidi dhidi ya picha ni la dini ya Kiislamu, nami naliheshimu. Lakini wanazuoni wanaokataza wanazungumzia hasa sura za viumbe wenye roho. Nyumba, bahari na miti havimo. Isitoshe, katazo lenyewe linakiri nguvu ya picha, kwani hakuna anayejihadhari na kitu kisichoweza kumgusa. Basi wachoraji wetu wana Michenzani, huko huko Ng'ambo, mbele yao: majengo marefu yaliyoanza kujengwa karibu na 1970 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, pale zilipovunjwa nyumba za udongo za watu ambao baadhi yao, na watoto wao, bado wapo. Humo mna fahari ya waliopata maji ya bomba na majonzi ya waliopoteza uwanda na majirani. Ni nadra kuyaona hayo kwenye turubai, ilhali milango ya Mji Mkongwe imechorwa hadi imechakaa. Yachorwe, yatundikwe Rahaleo badala ya hoteli za Shangani, na bei iandikwe kwa shilingi.